Siku Saba za Kwanza Ziko Mikononi mwa Mama

Mgeni anayefika Sirari kwa mara ya kwanza hushangaa kuona jinsi mpaka ulivyo mwembamba. Barabara kuu itokayo Mwanza, ikapita Musoma na Tarime, inatufikia sisi, na mbele kidogo tu ni Isebania, nchini Kenya. Malori yanapanga foleni. Mama wa ndizi anavuka asubuhi na kurudi jioni akiwa na noti za Kenya ndani ya fundo la khanga. Mtoto anatumwa kwa shangazi yake ng'ambo, na shangazi huyo ni wa ukoo uleule, kwa maana Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe walikuwapo hapa kabla Waingereza na Wajerumani hawajachora mstari wao kwenye ramani. Ukiacha kituo cha forodha, ziko njia za miguu katikati ya mashamba ya mahindi ambazo kila mmoja wetu anazijua. Zimepewa jina la njia za panya, ingawa wanaozipita ni akina mama wenye beseni kichwani.

Kwa hiyo tunapotaja magonjwa ya mlipuko katika mji kama huu, hatusimulii habari za mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kipindupindu kilikuwa katika Kaunti ya Migori, kwa jirani zetu wa upande wa pili. Agosti ya mwaka huohuo kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, Mara ukiwamo, na kilituhangaisha kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Tarehe 16 Mei mwaka ule Kenya ilitangaza kufunga mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena kwa sharti kwamba madereva wapimwe. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa wanapeana pole za msiba kwa simu.

Siku hizi twasikia sana maneno haya: utayari wa kukabiliana na dharura za afya. Wataalamu huja, semina hufanyika, na wauguzi huitwa mafunzoni. Mama wa nyumbani akisikia hayo hudhani ni mambo ya maofisa. Sisi tulio wauguzi, na ambao siku ya Jumapili tunakaa benchi moja na akina mama hao kanisani, tunaona vingine. Twaomba utusikilize.

Saba, moja, saba

Wataalamu wa afya wana kipimo wanachokitumia kujua kama nchi imejiandaa kweli. Ugonjwa mpya ukizuka, ugunduliwe ndani ya siku saba. Ukishagunduliwa, taarifa ifike kwa wahusika ndani ya siku moja. Kisha ndani ya siku saba nyingine kazi zote za mwanzo za kuuzuia ziwe zimefanyika: wagonjwa wametengwa, sampuli imekwenda maabara, waliowagusa wagonjwa wameandikwa majina, na watu wameelezwa la kufanya. Saba, moja, saba. Ni rahisi kukumbuka kuliko hesabu nyingi tulizofundishwa chuoni.

Hebu tujiulize sasa. Katika zile siku saba za kwanza, mgonjwa yuko wapi? Hayuko hospitali. Yuko nyumbani, kitandani, amefunikwa blanketi, na anayemtazama ni mke wake, au mama yake, au binti aliyeachishwa shule siku mbili ili amwangalie bibi. Anayemwaga ndoo ya matapishi ni mwanamke. Anayefua mashuka ni mwanamke. Akifa, mara nyingi wanaomwosha ni wanawake pia. Kabla daktari yeyote hajaandika lolote kwenye fomu, mama amekwisha kuona kila kitu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kwamba alichokiona kina maana.

Tutazame yaliyotokea kwa wenzetu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, watu tisa walikuwa wameugua na sita wamekufa. Wawili kati ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alipoteza maisha. Wengine kadhaa walikuwa wa familia moja. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa siku kwa siku, na ugonjwa haukutoka nje ya mkoa. Kwa mlipuko wa kwanza wa aina hiyo katika nchi yetu, kazi ile ilikuwa nzuri, na waliofunzwa kabla walionekana.

Mara ya pili ilikuwa Wilaya ya Biharamulo, mkoa huohuo. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alikuwa mwanamke. Alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024, akafariki tarehe 16. Tangazo rasmi la ugonjwa lilitolewa tarehe 20 Januari 2025. Hesabu mwenyewe, mama: kutoka siku aliyoanza kuumwa hadi siku ya tangazo ni siku 42. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, watu kumi walikuwa wameugua na wote kumi walikuwa wamekufa, wanane kati yao kabla maabara haijathibitisha kwamba mlipuko upo.

Hatuandiki hivi ili kumlaumu mtu. Marburg huanza kama malaria: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kulegea. Siku chache baadaye huja kuhara na kutapika, na kwa baadhi ya wagonjwa kutokwa damu. Nani kati yetu angesema siku ya kwanza kwamba hii si malaria? Hata sisi tulio na vyeti tusingeweza kwa macho. Lakini watu wawili wa nyumba moja wakiugua vilevile ndani ya wiki moja, au mgonjwa akafa na aliyemwuguza naye akaangukia kitandani, hapo si lazima uwe na cheti. Hapo mama yeyote anaweza kusema, "Jamani, hili si la kawaida." Sentensi hiyo ikisemwa kwa mtu anayefaa katika siku ya tano, mambo hubadilika. Ikisemwa siku ya arobaini, kinachobaki ni kuhesabu makaburi.

Wanachofundishwa wataalamu

Tueleze kidogo mafunzo haya yanatoka wapi, maana fedha zinazotumika ni nyingi na ni haki yako kujua. Tangu tarehe 15 Juni 2007 zinatumika Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Kwa kanuni hizo kila nchi ina wajibu wa kuwa na uwezo wa kugundua na kutoa taarifa mapema, na viwanja vya ndege, bandari na mipaka ya nchi kavu vimetajwa humo. Mwezi Februari 2016 Tanzania Bara ilikubali wataalamu kutoka nje waje kutazama jinsi ilivyojiandaa, pamoja na wataalamu wa hapa nchini. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kukubali kupimwa hivyo. Ni kama mwalimu mkuu anayemwita mkaguzi mwenyewe badala ya kumsubiri avamie. Baada ya ukaguzi ule ulitungwa mpango wa taifa wa miaka mitano, kuanzia 2017.

Wako pia wale tunaopenda kuwaita wapelelezi wa magonjwa. Tangu mwaka 2008 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, huwafunza watu wa kufuatilia ugonjwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine mpaka chanzo kijulikane. Kazi yao yafanana na ya mama anayetafuta nani amekula sukari, isipokuwa wao huandika.

Zoezi tulilolipenda zaidi kulisikia ni la Namanga. Mwezi Juni 2019, kuanzia tarehe 11 hadi 14, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwakusanya Watanzania na Wakenya katika mpaka ule wakaigiza mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa utokao kwa mifugo na kuwashika watu. Walioshiriki walizidi 200. Hawakuwa madaktari peke yao. Walikuwapo wa mifugo, wa forodha, wa uhamiaji na wa habari. Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Ujerumani walisaidia. Faida ya igizo kama hilo ni kwamba makosa yanaonekana hakuna aliyekufa. Simu isiyopokelewa, gari lisilo na mafuta, fomu ya Kenya isiyofanana na fomu ya Tanzania, yote hayo hujulikana mapema, watu wakacheka, kisha wakarekebisha.

Namanga ni mbali na sisi, lakini mpaka wa Sirari na Isebania unafanya kazi kwa utaratibu uleule wa kituo cha pamoja. Anayetoka Tanzania kuingia Kenya humaliza shughuli zake zote upande wa Kenya, na anayeingia kwetu humalizia upande wetu. Kwa biashara ni nafuu kubwa. Kwa afya maana yake ni hii: mgonjwa anayetoka Sirari atakutana kwanza na mtu wa afya wa Isebania, na mgonjwa wa Isebania atakutana na wa kwetu. Wasipojuana kwa sura na kwa namba za simu, kila mmoja atabaki na nusu ya habari.

Kwamba ukaguzi wa mpakani unaweza kuzaa matunda, tulioneshwa mwaka 2024. Tarehe 31 Julai Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, ule ulioitwa homa ya nyani. Hakupatikana hospitali kubwa ya Nairobi. Alipatikana mpakani Taveta, unapovuka kwenda Holili mkoani Kilimanjaro, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda. Mtumishi mmoja aliyefunzwa, aliyekuwa macho siku ile, alitosha. Mwezi Machi 2025 Tanzania nayo ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili.

Ndani ya vituo vyetu vya afya mafunzo ni ya vitendo zaidi. Tunajifunza kuvaa mavazi ya kinga, na zaidi kuyavua, maana muuguzi hujiambukiza zaidi wakati wa kuvua. Tunajifunza kupanga chumba cha kutenga mgonjwa, kuchanganya dawa ya klorini bila kubahatisha, kufunga sampuli, na kupiga simu wilayani siku hiyohiyo bila kungoja ripoti ya mwisho wa wiki. Wenzetu mtakapomwona muuguzi amesimama mbali akikuuliza maswali mengi mlangoni, msiseme ana maringo. Amefundishwa.

Mafunzo yasiyofika jikoni

Sasa tuseme lile linalotukera. Semina nyingi hufanyika kwenye hoteli mjini, kwa siku tatu, na waalikwa ni walewale. Hupewa kalamu, daftari na posho. Wakirudi, daftari linaingia kabatini. Tumewahi kukuta katika kituo kimoja cha kutolea huduma vitabu vizuri vya mwongozo vikiwa bado ndani ya nailoni, na mhudumu wa zamu hajui vimeletwa lini. Mtaalamu mshauri amelipwa, ripoti imeandikwa, na mama wa njia ya panya hajasikia hata neno moja. Kwa maoni yetu, fungu la fedha za mafunzo lisilobakiza chochote kwa ajili ya mama wa kitongoji limetumika nusu.

Yapo matumaini. Mwezi Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa. Mwezi Januari 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nia ikiwa kuwapata zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hawa ndio wanaoingia uani na kukaa kwenye kigoda. Ukiwa na mhudumu kama huyo kitongojini kwako, mjue jina na mjue mlango wake.

Sisi hatukungoja namba hiyo itimie. Katika umoja wa akina mama wa kanisa tuliamua kufanya igizo letu wenyewe, dogo, lisilo na posho, ila chai na viazi vitamu. Tulisema hivi: ni saa mbili za usiku, baba hayupo, mtoto wa miaka mitano ameharisha maji kama ya kuoshea mchele mara sita tangu jioni, macho yameingia ndani. Haya, mama, fanya.

Yaliyotokea yalitufundisha kuliko semina. Akina mama wengi walijua kwamba mtoto anahitaji maji ya chumvi na sukari. Wachache waliweza kutaja vipimo bila kubishana. Simu ya nyumbani, wengi walisema, huondoka na baba. Pikipiki ilikuwa ndiyo gari la wagonjwa la pekee walilolifikiria, na hakuna aliyekuwa amewaza mwendesha bodaboda yule ataoshea nini kiti chake, au abiria atakayefuata atakalia nini. Mama mmoja alikuwa na mlinzi wa zahanati kwenye simu yake, tukampigia makofi. Wengine walikuwa na namba za wauza kitenge kumi na mbili na hakuna ya muuguzi hata mmoja.

Kisha mama mmoja, muuza maandazi karibu na stendi, alisimama akasema, "Dada nesi, mmesema vizuri. Lakini nikipiga hiyo simu, mtakuja na gari na mavazi yenu meupe, mtapuliza dawa nyumbani kwangu watu wakitazama. Kesho nani atanunua maandazi yangu?" Chumba kilinyamaza. Alikuwa amesema kweli tupu. Watu hawafichi wagonjwa kwa sababu ya ujinga. Wanawaficha kwa sababu wamehesabu hasara. Duka litafungwa, mtoto atachekwa shuleni, mume atasema umeiaibisha nyumba, na majirani wataanza kutaja uchawi.

Hakuna mwongozo tuliousoma ambao una ukurasa wa maandazi ya mama yule. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho akina mama walikubaliana mambo mawili. La kwanza, nyumba itakayotoa taarifa italetewa chakula na maji mlangoni na umoja kwa siku zote ambazo watu wake wametakiwa wasitoke, ziwe tano za kipindupindu au 21 za Marburg. La pili, siku nyumba hiyo itakapofunguliwa, akina mama wa umoja watakwenda kununua maandazi hayo kwanza, mbele ya watu. Bibi mmoja aliongeza kwamba yeye atayala palepale amesimama. Mama muuza maandazi alicheka, akakaa. Hatujui kama hilo litatosha siku ya siku. Ila tumeliona likibadilisha uso wa mtu.

Nyumbani kwako

Yaliyobaki ni ya kuweka nyuma ya mlango wa jiko. Kipindupindu huweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache, na wakati huohuo ni ugonjwa unaotibika kuliko mingi. Wagonjwa walio wengi hupona kwa maji ya kunywa tu yenye chumvichumvi, na mahali penye huduma ya mapema hata mmoja katika mia hafi. Kinachoua ni kuchelewa. Kwa hiyo weka nyumbani pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Hazichukui nafasi kubwa kuliko kiberiti. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja: yasizidi machozi kwa uchumvi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Anyonyaye aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Haya yote ni ya njiani kuelekea kituoni, si ya kukaa nayo nyumbani ukisubiri kuona.

Ile dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja ndani ya sehemu sita za maji, ndiyo ya kumwagia matapishi na choo, na kulowekea ndoo. Haifai kunawia mikono wala kunywa, na mtoto asiifikie. Maji ya kunywa yana dawa yake au yachemshwe.

Kuhusu msiba, tunajua tunagusa pagumu. Katika ugonjwa kama Marburg au Ebola, maiti ina hatari kubwa kuliko mgonjwa aliye hai, na heshima ya kumwosha mpendwa kwa mikono mitupu imewapeleka wengi kumfuata. Mtu akifa kwa ugonjwa usioeleweka, akiwa na homa, kuhara au damu, usimguse wala usimsafirishe kwenda ng'ambo kwa ndugu. Ita watu wa afya. Waliofunzwa kuzika kwa usalama wanaweza kuacha familia isimame karibu, isali na imwage udongo. Mwombe mchungaji wako alizungumze hilo mapema, siku ambayo hakuna aliyekufa, maana siku ya msiba hakuna anayesikia.

Tusiwasahau wanyama, hasa ninyi wenzetu wa Serengeti mnaopakana na hifadhi. Mnyama aliyekufa ghafla huku akitoka damu puani asichunwe wala asiliwe, hata kama ni ng'ombe wa mahari; huenda ni kimeta. Na mbwa wachanjwe. Kati ya mwaka 1996 na 2001 vijiji vya Wilaya ya Serengeti vilichanja mbwa wao kwa wingi, na kichaa cha mbwa kikapungua sana kwa mbwa na kwa watu walioumwa nao. Hakuna kazi nyingine tunayoijua katika mkoa wetu inayoonyesha wazi hivyo kwamba ugonjwa unaweza kuzuiwa kabla haujafika kitandani. Wala haikuhitaji hoteli. Mtoto alimvuta mbwa kwa kamba hadi chini ya mti.

Namba ya Wizara ya Afya ni 199, bure kwa simu yoyote hapa Tanzania. Iandike ukutani kwa mkaa, kwa sababu simu inaweza kuwa imeondoka na baba lakini ya jirani ipo. Ukipiga, usianze na historia ndefu wala usitaje jina la ugonjwa unaoukisia. Sema uko kitongoji gani, wangapi wanaumwa, walianza lini, wanatokwa na nini, na kama kuna aliyekufa. Sema nani amewagusa. Na kama mgonjwa alivuka mpaka katika wiki tatu zilizopita, kwa geti au kwa njia ya panya, litaje hilo bila kuogopa, pamoja na kijiji alikolala, ili muuguzi wa huku ampigie mwenzake wa Isebania jioni hiyohiyo.